Bi Ngiri na Mlango wa Shimo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona mnaitikia kama mmeshinda na njaa? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale ngiri walikuwa na desturi moja, na mpaka leo wanayo. Ngiri mzima haingii shimoni kwa kichwa. Anaingia kinyumenyume, matako kwanza. Mnacheka? Chekeni. Adui akifika mlangoni, anakutana na meno.

Palikuwa na Bi Ngiri. Ukoo wake ulikuwa wa miili mipana. Wakila kidogo, wananenepa. Wakila sana, ndiyo usiseme. Siku moja Chui alitokea. Mama yake Bi Ngiri akarudi kinyumenyume, kwata! Akakwama. Nusu ndani, nusu nje. Chui akamchukua, na Bi Ngiri aliona kwa macho yake. Hata mimi naumia kulisema.

Siku zikapita, Bi Ngiri akashika mimba. Shangazi yake akaja na mzigo wa miwa.

"Kula, mwanangu! Mko wawili, kula kwa wawili!"

Ndivyo ukoo ule ulivyowalea waja wazito. Kru, kru, kru. Kesho miwa. Keshokutwa miwa. Kru, kru, kru.

Kisha Bi Ngiri akamkumbuka mama yake, akaingiwa na hofu. "Mwanangu naye atakwama! Sili tena!" Akashinda na njaa siku ya kwanza. Siku ya pili akaanguka, puu! Shangazi akakimbia kumwita mkunga, Bi Kalunguyeye.

Bi Kalunguyeye akamshika tumbo. "Mtoto anajifunza tangu humu ndani. Ukila vitamu tu, anaweza kuzaliwa na uchu wa vitamu. Ukimnyima, mwili wake utajifunza kuweka akiba, na kesho kila tonge litageuka mafuta."

"Lakini damu yetu ni ya unene!"

"Damu umeshampa, huwezi kuirudisha. Chakula bado unampa. Hicho tunakiweza." Akamgeukia Shangazi. "Nawe, kama unampenda, mchimbie mizizi."

Shangazi akanuna. Akavuta mdomo hadi ukagusa vumbi. Lakini asubuhi akaja na mizizi, na majani mabichi, na matunda. Bi Ngiri akala, akashiba, akaacha. Akipata nguvu anapiga magoti, anachimba mwenyewe. Anatembea, kutu, kutu, kutu.

Akazaa binti, akampa jina la marehemu mama yake, Masika. Shangazi akamtazama, akashtuka. "Kiuno cha bibi yake hasa!"

Kweli, kiuno kilikuwa kilekile. Bi Ngiri akamnyonyesha, akamfundisha kuchimba, kushiba na kukimbia. Masika akakua.

Siku moja majani yakasema chwaa! Chui huyo! Bi Ngiri na Shangazi wakarukia mashimo yao. Masika akageuka, akarudi nyuma, akarudi, akarudi. Mapaja yakagusa ukingo. Kwaruu! Bi Ngiri akapiga yowe. Je, alikwama?

"Hakukwama!"

Nani kawaambia? Subirini! Masika akavuta pumzi, akajisukuma. Pwaa! Ndani! Chui akaingiza pua, chaa! Meno yakaichana. Chui akakimbia analia kama kipaka.

Bi Ngiri akalia kwa furaha. Shangazi akacheza mpaka vumbi likapaa:

"Kaingia, kaingia!
Kiuno cha bibi, kaingia!
Miwa nilileta mimi,
mizizi pia mimi, kaingia!"

Basi sikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Mwili tunaurithi, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini mama mjamzito akipata chakula bora cha kumtosha, bila kushindiliwa na bila kunyimwa, mtoto wake anaanza maisha vizuri. Na kumlisha mama ni kazi yetu sote.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa shimo. Masika yumo ndani mzima, na Chui yuko kwake anauguza pua.