Nauli Yote ya Punda wa Shekuwe

Hapo zamani, enzi ambazo mwenye haraka alipanda punda na asiye na hela alikwenda kwa miguu yake, palikuwa na sultani aitwaye Hamadi, mtu wa raha zake. Sultani huyo akaweka baragumu langoni pa jumba lake. Mtu akitaka kusafiri, baragumu hupulizwa, mwenye punda aliye karibu huja mbio kumpakia, na robo ya nauli huingia jumbani. Kwa kazi gani? Kwa kupuliza tu, jamani.

Ikawa Sultani anataka robo ile ifanywe nusu. Basi fukara mmoja mwenye punda, jina lake Shekuwe, akaenda kulalamika.

"Seyidi, tutakufa njaa."

Waziri, mtu wa fitina, akadakia, "Muongo huyu! Kutwa yuko njiani na abiria. Ana mali kumshinda kadhi."

Sultani akanuna. "Shekuwe, Ijumaa niletee nauli yote uliyopokea mwezi huu, niione kwa macho yangu. Ikikosekana, punda namtwaa."

Shekuwe akarudi kwake kichwa chini, maana bila punda yule jiko lake lingelala baridi.

Mkewe akamwuliza, "Nauli ipi hiyo, baba, nasi jana tumelalia uji?"

Shekuwe akamtazama punda anavyotafuna, akaanza kucheka peke yake, hata mke akadhani mume amerukwa na akili.

Ijumaa ilipowadia, akaingia barazani na punda, akamsimamisha juu ya zulia, na nyuma yake wakafuata mshona matandiko na tabibu wa wanyama.

"Nauli i wapi?" akauliza Sultani.

"Ndiyo hii, Seyidi, imekuja kwa miguu yake. Nyingi imo tumboni mwa punda, imekuwa majani. Nyingine anayo fundi huyu, maana matandiko huchakaa. Nyingine aliila tabibu, punda alipochechemea. Na fungu la baragumu ndilo zulia hili tulilolikanyaga."

"Na iliyobaki ikawa yako?"

Papo hapo punda akainua mkia, akamwaga samadi, pu! Waziri akapiga ukelele, watumishi wakakimbilia mafagio. Shekuwe akajitupa mbele yao.

"Msiiguse! Hiyo ndiyo yangu. Huwauzia wapanda mchicha!"

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaamuru kwamba tangu siku ile baragumu lisidai kitu mpaka punda ameshakula, na mwenye punda naye ameshakula. Kisha akamgeukia waziri.

"Nawe uliyeijua sana mali ya Shekuwe, mchukulie hiyo mpaka nyumbani kwake."

Basi waziri akajitwika kikapu cha samadi, naye kavaa joho lake la hariri, akapita nacho sokoni mchana kweupe, wanawake wakichungulia madirishani; naye Shekuwe yuko mbele juu ya punda, anageuka kila mara kumwambia, "Taratibu, Bwana Waziri, usinimwagie faida."