Mguu wa Kwanza Darajani

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole, kwa sababu hadithi hii nitaisimulia mpaka mahali fulani kisha nitanyamaza. Kuanzia hapo itakuwa yenu.

Katika kijiji cha Mlaleni, kule milimani Taita, walikuwako wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Mkawasi alijaliwa ulimi. Simaanishi umbea. Alikuwa akisema neno, hata mtu aliyeamua kutosikia alijikuta amesikia. Wakio alijaliwa msimamo. Akishika jambo, ungeweza kuondoka kijijini, ukaoa, ukazaa, ukarudi, ukamkuta bado amelishika. Mghoi naye alijaliwa mikono myepesi na kichwa kisichojua kizunguzungu. Tangu utotoni alipanda miti mirefu kuliko kaka zake, na kila aliposhuka alimkuta mama yake anamngoja chini. "Msichana hapandi miti!" Kesho yake alikuwa juu tena.

Na ulikuwako mto, Ndighiri. Ng'ambo yake ni Kirumbi, kwenye soko, zahanati na shule ya sekondari. Wakati wa kiangazi unavuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Masika ikianza, mawe yanazama, na anayetaka kwenda Kirumbi azunguke kwa barabara kuu, safari ya kutwa nzima. Wanaume walizunguka mara mojamoja. Wanawake ndio waliokuwa na mboga zisizosubiri, watoto wenye homa wasiosubiri, na mimba zisizosubiri kabisa. Basi walivuka hivyo hivyo, wameshikana mikono, maji kifuani, mizigo kichwani.

Siku moja likaja shirika kutoka nchi za mbali. Aliyeliongoza alikuwa mama mmoja aitwaye Solveig, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza likawa Mama Sova, naye akaitika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila alikisema taratibu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alituambia barazani kwamba nchi yao imetenga fungu la fedha la kuinua maisha ya wanawake, na kwamba Mlaleni inaweza kujenga kitu kimoja.

"Kitu gani?" akauliza. "Semeni wenyewe."

Mzee Mwadime, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, akasimama na kofia yake mkononi. "Tumeshakubaliana. Tunataka ukumbi. Ukumbi mkubwa, na ndani yake ofisi ya mwenyekiti."

Wanaume waliokuwa wamekaa mbele kwenye viti wakapiga makofi. Wanawake walikuwa nyuma, kwenye nyasi, na kimya chao kilichukuliwa kuwa ndiyo.

Hapo Mkawasi akainuka. Jueni kwamba Mzee Mwadime alikuwa baba mkwe wake, na kwetu mke wa mwana hampingi baba mkwe nyumbani, sembuse barazani.

"Baba," akasema, "naomba kuuliza. Huo ukumbi wa wanawake, siku mto umejaa na sisi tuko ng'ambo sokoni, tutauingia vipi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mjukuu wako wa kwanza, Baba, unajua nilimzalia wapi."

Kila mtu barazani alijua. Alimzalia kwenye mawe ya ukingo wa Ndighiri, mvua ikinyesha, wanawake wenzake wamemzungushia kanga.

"Zahanati nilikuwa naiona," Mkawasi akaendelea. "Niliona bati lake likimeta ng'ambo. Sikuwa na namna ya kulifikia. Mimi naomba daraja."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasimama. Akasimama na wa pili, na mwingine, mpaka nyasi zikabaki tupu. Mama Sova akaomba mikono iinuliwe, na daraja likashinda. Hata wanaume kadhaa waliinua mikono, wakitazama pembeni. Mzee Mwadime akavaa kofia yake akaondoka. Masika nzima hakusema na Mkawasi. Chakula alichopika kilirudi hakijaguswa. Mkawasi aliendelea kupika, na kila asubuhi aliendelea kumwambia, "Shikamoo, Baba," akajibiwa na kuku.

Daraja likawa limepatikana kwa maneno. Sasa lilitaka mahali.

Mhandisi wa shirika alitembea kandokando ya mto juu na chini, akarudi na jibu moja. Pote udongo ni laini. Penye mwamba pande zote mbili ni mahali pamoja tu, na mwamba wa upande wetu uko ndani ya shamba la Wakio.

Wakio alikuwa mjane. Mume wake alipofariki, mashemeji walikuja kupima shamba kabla matanga hayajaisha, wakamwambia mwanamke harithi ardhi. Alikwenda kwa chifu. Akaenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, akauza mbuzi, akakata rufaa tena, mpaka hatimiliki ikatoka kwa jina lake, mwanamke wa kwanza katika Mlaleni. Na kipande kilichotakiwa ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote: migomba, miwa, maboga makubwa kama vigoda.

Shirika hujenga, lakini ardhi hutolewa na wenyeji. Shemeji yake Kisombe alipopata habari kwamba Wakio amekubali, alifika mbio.

"Shemeji, umerogwa? Umepigana nasi miaka yote, leo unawapa watu bure?"

"Nilipigana ili niwe na haki ya kusema ndiyo au hapana juu ya shamba langu," Wakio akamjibu. "Leo nasema ndiyo. Nipishe, nina kazi."

Akachukua panga akaiangusha migomba yake mwenyewe. Mingine ilikuwa na mikungu ambayo haijakomaa. Mgomba mmoja aliupanda na marehemu mumewe. Alipofika kwenye huo alisimama kidogo, akajifuta uso kwa upindo wa leso, kisha akakata. Jioni hiyo Mlaleni nzima tulipika ndizi mbichi, kila nyumba na mkungu wake, na Wakio akapita akiuliza kama chumvi imekolea.

Daraja likapata mahali. Sasa lilitaka mikono.

Sharti jingine la shirika lilikuwa kwamba nusu ya watakaofundishwa ufundi wawe wanawake. Wengi walichagua kuchanganya zege. Mghoi aliomba kufundishwa kazi ya juu, kwenye nyaya. Mafundi wakamcheka, lakini sharti ni sharti, akafundishwa.

Nguzo zikasimama. Nyaya nene za chuma zikavutwa kutoka mwamba hadi mwamba. Ikabaki kufunga vyuma vinavyoning'inia, vile vya kubeba mbao za kukanyaga. Asubuhi moja kibanio kinachoshika chuma kwenye waya kikachomoka, na fundi mmoja, Nyambu, akaanguka mtoni. Walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika, na mpaka leo anasimulia kana kwamba aliruka kwa hiari yake.

Mafundi wengine wakashuka. Vibanio vyote vikakaguliwa upya na kukazwa, lakini hakuna aliyetaka kupanda. Na mawingu yalikuwa yameanza kujaa kilimani. Mama Sova akatuambia ukweli bila kuuzunguka: masika ikikuta vyuma havijafungwa, kazi itasimama, na muda wa mradi utakwisha kabla ya kiangazi kingine. Fedha zitakazobaki zitarudi zilikotoka.

Mghoi akawatazama wenzake waliokaa chini, akauangalia mkanda wake wa usalama, akasema, "Nifungeni vizuri."

Akakalia ubao ulioning'inizwa kwenye waya kama mtoto kwenye pembea, boliti zimejaa mfukoni mwa aproni, akajivuta kuelekea katikati ya mto. Mama yake akaja mbio mpaka ukingoni, mikono kichwani.

"Mghoi! Shuka!"

"Nikishuka hapa, Mama, naingia mtoni!"

Kicheko kilitushika tukiwa na hofu vile vile. Akafunga chuma cha kwanza, akafunga kilichofuata, upepo ukimyumbisha, mama yake akiomba Mungu kwa sauti kubwa na kumkaripia katikati ya sala. Alipofika katikati ya mto, fundi mmoja aliyekaa ng'ambo akainuka, akakaza mkanda, akaanza kutokea upande wa Kirumbi. Kisha mwingine. Mvua ya kwanza iliponyesha, mbao zilikuwa zimeshalazwa, na maji ya Ndighiri yalipita chini yakinguruma peke yao.

Basi siku ya kufungua ikafika. Mimi nilikuwa kwenye masufuria ya pilau, mahali pazuri pa kuonea. Ukingo huu Mlaleni nzima, ukingo ule Kirumbi nzima. Ngoma, vigelegele, utepe mwekundu umefungwa kwenye nguzo. Chifu alikuwa na mkasi mpya, akampa Mama Sova ishara atangulie.

Mama Sova akatikisa kichwa. "Kwetu nimevuka madaraja mengi. Hili lina wenyewe."

Watu wakashangilia. Chifu akageuka. "Haya. Mnajua desturi yetu: njia mpya huchukua jina la aliyeikanyaga kwanza. Aje mbele mwanamke aliyetupatia daraja hili."

Wakatokea watatu, kutoka pande tatu, kwa wakati mmoja.

Kicheko kilichozuka kilisikika mpaka Kirumbi. Lakini msidhani wale wanawake walianza kusukumana kwa adabu, nenda wewe, hapana nenda wewe. Walipendana sana, na kila mmoja alilitaka jambo lile kwa moyo wake wote.

"Daraja jembamba hili," chifu akasema. "Ni la mtu mmoja na mzigo wake. Wawili hawaendi bega kwa bega. Lazima mmoja atangulie."

Mzee mwenye kofia akajipenyeza mbele. Alikuwa Mwadime. "Mimi nilitaka ukumbi," akasema. "Huyu mke wa mwanangu alinisema mbele za watu, nikanuna masika nzima. Nisingenuna hivyo kama angekuwa amekosea. Bila yeye, leo mngekuwa mnafungua ofisi yangu. Mkawasi atangulie."

Mkawasi aliyesema barazani bila kutetemeka akaishiwa na maneno, akalia.

Wakio hakungoja mtu amtetee, akajitetea mwenyewe. "Maneno yalikuwa mazuri, na mimi niliinua mkono. Lakini maneno hayashikilii nguzo. Nguzo imesimama palipokuwa na migomba yangu. Mwenzangu alinyimwa salamu msimu mmoja, salamu zimerudi. Shamba langu halirudi." Wajane waliokuwa pale wakapiga vigelegele mpaka ngoma ikazimika.

Nyambu akaja akichechemea na gongo lake. "Maneno yalikuwepo, shamba lilikuwepo, na daraja halikuwepo! Mimi niliyeonja maji yale nawaambia, Mghoi alipopanda pale kila mtu alijua anaweza kufa. Wengine walitoa walichonacho. Huyu alikuwa tayari kutoa roho." Mama yake Mghoi akadakia, "Na miti yote ile nilimzuia kumbe anajifunza!"

Mtu akapendekeza kura ya vijiti. Mkawasi, sauti imemrudia, akakataa: "Daraja halikujengwa kwa bahati nasibu." Mwingine akasema waanzie pande mbili, mmoja huku na mmoja Kirumbi. "Na wa tatu aanzie mtoni?" Wakio akauliza. Mama Sova akaulizwa, akainua mikono, akasema yeye alileta saruji tu.

Chifu amewahi kuamua kesi za mipaka, za mbuzi na za ndoa zilizovunjika. Siku hiyo alivua kofia, akajikuna kichwa, akautazama mkasi kana kwamba una majibu. Pilau lilikuwa limeiva. Kutoka ng'ambo Kirumbi walikuwa wakipiga kelele, "Njooni basi, tuna njaa!" Na wale watatu walisimama mbele ya utepe wameshikana mikono kama walivyokuwa wakishikana majini, wanacheka, machozi yanawatoka, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma hatua.

Hapo ndipo ninaponyamaza. Mmoja alilisemea daraja mpaka likakubaliwa, mmoja akatoa ardhi ya kulisimamisha, mmoja akalifunga juu ya maji wakati wanaume wameketi. Wote watatu wanakutazama wewe.

Haya, shika mkasi. Je, ungemwita nani atangulie, na wale wawili ungewaambia nini?