Mfua Shaba na Haki ya Jirani

Yasimuliwa kutoka kwa waliotutangulia katika wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika mji wa Kufa aliishi mfua shaba mmoja, jina lake Ziyad, pamoja na mkewe Rabab. Alikuwa mtu wa sala na mtu wa kauli moja, fundi wa masinia na mabirika ya kutawadhia. Lakini hakuwa na duka sokoni. Kazi yake yote aliifanyia uani kwake, na aliyewahi kuona shaba ikifuliwa anajua kwamba haifuliwi kimyakimya. Tangu jua kuchomoza mpaka alasiri ilikuwa ni ngo, ngo, ngo.

Kwa sababu ya nyundo hiyo, Ziyad na mkewe hawakupata kutulia mahali. Walipanga huku wakatolewa, wakapanga kule wakatolewa. Majirani huja kwa adabu mara ya kwanza, mara ya pili huja kwa maneno, na mara ya tatu haji jirani tena, huja mwenye nyumba. Katika kuhamahama huko Rabab alizika watoto wawili, kila mmoja katika mtaa ambao hawakuachwa waendelee kuishi. Sasa alikuwa na mimba nyingine. Hakuomba dhahabu wala hariri. Alimwomba Mola wake jambo moja tu: amzae mtoto huyu ndani ya nyumba ambayo hakuna mtu atakayekuja kuwatoa.

Ikasikika kwamba Bi Atika, mjane wa mtaa wa wafumaji, anauza nyumba yake ili amfuate mwanawe aliyeko Mosul. Ziyad na Rabab wakaenda kuitazama. Mlango wake ulikuwa umepinda na bawaba zikilia, lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ndani mlikuwa na ua mpana, kisima cha maji matamu, na chumba kimoja kinachopata jua la asubuhi. Rabab aliposimama katika chumba hicho alishika tumbo lake.

Ziyad akataja bei yake. Ilikuwa ndiyo akiba yote aliyoiweka tangu siku aliyooa, na hakuwa na cha kuongeza juu yake. Bi Atika akamtazama yeye, akamtazama mkewe, akasema, "Nimeridhika, mwanangu. Ila kuna jambo moja. Yule tunayechangia naye ukuta ana haki ya shufaa. Akiitaka nyumba hii, ataitwaa yeye kwanza kwa bei hii hii yako, kabla ya mtu wa mbali. Akiiacha haki yake, tutaita mashahidi, na nyumba itakuwa yenu."

Jirani huyo alikuwa Bi Jumana, bibi kizee asiyeona, aliyewasomesha Kurani mabinti wa mtaa ule mpaka sauti yake ikaisha nguvu. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi kwa kusokota sufu, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka. Yeye na Bi Atika walikuwa na ada yao: kila alfajiri Bi Atika hugonga ukuta kwa mchi wa kinu, naye Bi Jumana hujibu kwa kugonga upande wake. Kwa hivyo kila mmoja hujua kwamba mwenzake ameamka salama, kisha wote wawili husimama kusali.

Kesho yake akaja kwa Bi Atika mfanyabiashara wa ngano aitwaye Mirdas, ameongozana na dalali wake Khalaf. Mirdas alikuwa anataka ghala karibu na lango la mji, na nyumba ile ilimfaa. Akasema, "Bibi, nimesikia bei uliyopewa. Mimi nitakupa hiyo na nusu yake."

Bi Atika akajibu, "Neno langu limekwisha kutoka. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza mtu asinunue juu ya ununuzi wa ndugu yake. Nawe ulikuwa unalijua hilo kabla hujabisha hodi."

Mirdas aliona haya, lakini haya yake haikufika mbali, ilifika mlango wa pili tu. Akabisha kwa Bi Jumana. Akaketi, akamuulizia hali, kisha akamwambia, "Wewe una haki ya kwanza juu ya nyumba ile. Sema tu kwamba unaitaka. Fedha ya kuinunulia nitakupa mimi, kisha utaniuzia. Nami naahidi mbele ya dalali huyu kukulisha na kukuvisha mpaka mwisho wa umri wako. Wala usiwe na wasiwasi juu yangu kama jirani. Mimi naweka ngano humo. Hutasikia kelele hata ya panya."

Msiwe wepesi wa kumlaumu bibi yule kwa kuwa hakumfukuza. Njaa ya uzee haifanani na njaa ya ujana, kwa maana kijana akilala na njaa hutumaini kesho. Bi Jumana alimwambia, "Niache mpaka kesho. Nataka kwanza kuwasikia hao wengine."

Dalali naye hana mteja mmoja. Khalaf akatoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Ziyad, akitaraji ujira upande huu ikiwa utakosekana ule. Akamsimulia yote, kisha akasema, "Kesho nendeni mkamwone bibi. Mfurahisheni. Akikuuliza kazi yako, mwambie unauza vyombo, na ni kweli unauza. Ila hiyo nyundo usiitaje. Nani atakubali kugongewa sikioni kutwa nzima, na mwenzako ameahidi kimya na mkate?"

Ziyad akasema, "Toka kwangu, Khalaf, Mungu akuongoze." Khalaf akatoka. Lakini Rabab alikuwa amesikia, akaanza kulia.

"Mume wangu," akasema, "akikuuliza, usimwambie uongo. Mimi sitaki uongo. Lakini asipokuuliza, kwa nini ujitie kitanzi kwa mkono wako? Nimechoka kufunga mizigo. Wale wawili siwezi hata kuyazuru makaburi yao bila kupita kwa watu waliotutoa. Ninyamazie mara hii moja."

Ziyad hakuwahi kunyimwa kitu na mke yule, wala kusikia akimwomba kitu. Akainamisha kichwa, akasema, "Asipouliza, nitanyamaza."

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, wakaingia kwa Bi Jumana. Walimkuta ameketi ameegemea ule ukuta, sufu iko mapajani. Akawakaribisha maji, akamwita Rabab asogee, akampapasa kichwani kisha mkononi.

"Mimba yako ina miezi mingapi, binti yangu?"

"Saba, bibi."

"Mola aikamilishe kwa heri." Kisha akawaeleza ada yake na Bi Atika, ya kugongeana alfajiri. "Tangu aliponiambia anaondoka nimekuwa nikiomba dua moja. Mwenye ngano ameniahidi mengi, na sitaficha kwamba nimeyafikiria. Lakini nyinyi mlipewa neno kwanza, na mwenye mimba hawekwi mlangoni akahojiwa kama mwizi. Siwaulizi kitu. Iteni mashahidi, naiacha haki yangu."

Basi limekwisha. Kitu ambacho Rabab alikililia kiko mkononi mwake, na hakuna uongo uliosemwa. Ziyad alifungua kinywa, akaikumbuka ahadi yake, akakifunga tena.

Rabab alikuwa akiutazama ukuta. Pale karibu na bega la bibi, chokaa ilikuwa imelika na kuacha kishimo kidogo, kwa kugongwa alfajiri baada ya alfajiri. Bi Jumana alikuwa amekiweka kiganja chake hapo bila hata kujua, kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake. Rabab akawaza: huyu huishi kwa masikio, nasi tutakuja kufua shaba upande wa pili wa masikio yake, mpaka auchukie ukuta anaoupenda. Moyo ukamuuma, akaona hawezi.

"Bibi," akasema, "usiiache haki yako bado. Mume wangu ni mfua shaba, na hana duka, hufulia nyumbani. Ni kelele, bibi, si kidogo. Tumetolewa kila mahali kwa ajili ya nyundo yake. Yeye alitaka kukwambia, mimi ndiye niliyemsihi jana anyamaze. Dhambi ni yangu, usimhesabie yeye."

Kisha akajifunika uso kwa mtandio wake. Ziyad alimtazama mkewe, na wanasema alizoea kusimulia hata uzeeni mwake kwamba hakuwahi kumpenda kama alivyompenda saa ile, saa ambayo nyumba ilikuwa ikiwatoka.

Bi Jumana akageuza sikio upande wa Ziyad. Kisha akauliza, "Hufua kila siku?"

"Kila siku, bibi," akajibu Ziyad, "ila Ijumaa."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jua kuchomoza."

"Na mtoto akizaliwa, atalia?"

Rabab akajibu kwa sauti ya machozi, "Watoto hulia, bibi."

Hapo bibi kizee akaanza kucheka, na machozi yakimtiririka kwenye yale macho yasiyoona. Akasema, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Mwenye ngano aliniahidi kwamba sitasikia hata panya, akidhani ananipa zawadi. Nimekosa usingizi tangu jana kwa neno hilo. Mimi sina macho, wanangu. Dunia yangu ni hiki ninachokisikia. Ukuta huu ukinyamaza, mimi nimezikwa kabla sijafa. Mmeingia hapa mnanong'ona, mnatembea kwa ncha za vidole, nami nikahuzunika moyoni nikasema, maskini, hawa nao ni watu wa kimya. Dua yangu ndiyo hiyo: nilimwomba Mola aniletee jirani mwenye kelele."

Mashahidi wakaitwa siku hiyo hiyo, na Bi Jumana akaiacha shufaa yake mbele yao kwa sauti iliyosikika mpaka njiani. Mirdas alipokuja kuuliza, akamwambia, "Umeniahidi mkate, Mungu akulipe nia yako. Lakini nitaula na nani?" Mirdas akaondoka. Na husemwa kwamba baada ya hapo alikuwa akimpelekea kibaba cha ngano pasipo sharti lolote, kwa hiyo tusimtaje kwa ubaya.

Bi Atika alipoaga, alimwachia Rabab mchi wake wa kinu, na Rabab akajua ni wa nini. Ama Ziyad, mazoea ni mazoea. Siku ya kwanza aliivika nyundo kitambaa, akaanza kugonga kama anayeogopa kuamsha mgonjwa. Haukupita muda ukuta ukagongwa, na sauti ya bibi ikavuka, "Ziyad! Unafua shaba au unaipapasa?" Akakivua kitambaa huku akicheka, na tangu hapo hakukirudisha.

Mtoto alizaliwa wa kike, akaishi, wakamwita Jumana. Alipolia kilio cha kwanza, bibi upande wa pili aliugonga ukuta kwa furaha mpaka majirani wakatoka nje wakidhani pana moto. Na mtoto alipopata nguvu ya kuushika mchi, kazi ya alfajiri ikawa yake.

Alfajiri moja mtoto akagonga, na jibu likaja dhaifu sana. Wakaenda, wakamkuta Bi Jumana amelala akielekea kibla, na mauti yamekwisha kumkaribia. Wanawake wa mtaa wakakusanyika wakimsomea. Jua likachomoza, lakini Ziyad kwa heshima hakuigusa nyundo yake. Bi Jumana akafungua midomo, akasema, "Mbona ukuta umenyamaza?"

Rabab akatoka mbio kumwambia mumewe. Ziyad akaketi uani, akaishika nyundo na sinia lililokuwa halijakamilika, akafua, na machozi yakidondoka juu ya shaba. Mpita njia mmoja akasimama mlangoni akamkemea, "Huna haya? Jirani yako anakata roho nawe unagonga!" Rabab akamjibu, "Mwache. Ameagiza mwenyewe." Bi Jumana akatamka shahada, uso wake umeuelekea ukuta, akarudi kwa Mola wake huku akisikiliza.

Ndugu zangu, sisi tukitaka nyumba huongeza bei juu ya bei ya mwenzetu, na tukitaka kuuza huupaka ufa chokaa. Rabab hakuwa na kitu cha kuongeza isipokuwa aibu yake, akaiweka wazi mbele ya mwenye haki, akiamini kwamba itampoteza. Kumbe aibu ile ile ndiyo iliyokuwa ikiombewa dua upande wa pili wa ukuta. Mola atujaalie jirani anayetusikia tukigonga, nasi atujaalie kuitika.