Damu Moja ya Mzee Rutashobya

Isome taratibu, halafu mtumie yeyote unayemjua mwenye kiti asichotaka kukiachia.

Mzee Rutashobya aliongoza kamati ya maji ya kijiji chao miaka ishirini na miwili. Ilianza na watu wa kila upande. Akawaondoa mmoja mmoja, hadi wakabaki ndugu zake watupu. "Damu moja, kauli moja," alipenda kusema, na vikao vikawa vifupi kweli, maana hakuna aliyebisha.

Wa mwisho kuondolewa alikuwa Nchimbi, fundi aliyehamia kutoka Songea. Alisimama kikaoni akasema beringi ya pampu ya kisima inalia, isipotazamwa pampu itakufa. Mzee akamkatiza mbele ya watu: "Mtu wa kuja hatufundishi kisima chetu. Kaa chini." Nchimbi akakaa, na hakuitwa tena.

Miezi miwili baadaye pampu ikafa. Kamati ikakaa vikao vinne, ikakubaliana kwa kauli moja mara nne, na maji hayakutoka. Akina mama wakarudi kuchota mtoni.

Siku hizohizo mzee alikuwa anachoka ovyo. Akaenda hospitali kubwa, akapimwa damu. Alipoitwa kuchukua majibu, daktari alimwambia, "Babu, sehemu kubwa ya damu yako sasa inatoka ukoo mmoja."

Mzee akatabasamu. "Ndivyo tulivyo sisi, mjukuu wangu. Damu moja."

Daktari hakucheka. "Sikusifu, babu. Ulipokuwa kijana, chembe mama maelfu ndani ya uboho wa mifupa yako ziligawana kazi ya kutengeneza damu. Umri ukienda, moja huweza kuzaana kwa kasi na kuzisukuma nyingine pembeni. Kwako imeshika zaidi ya nusu. Si saratani, lakini huongeza hatari ya maradhi, kwa hiyo tutakuwa tunakupima."

"Na hizo nyingine zilikosa nini?"

"Hazikukosa kitu. Zilisukumwa tu."

Mzee akainamisha uso. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari alidhani anaogopa kufa, kumbe alikuwa anamwona Nchimbi akikaa chini.

Aliposhuka kwenye basi hakupitia kwake. Alimkuta Nchimbi uani, ananoa jembe.

"Shikamoo, mzee," Nchimbi akasema, akiinuka.

Marahaba ikagoma kutoka. "Usiniamkie kwanza," mzee alisema, macho chini. "Nilikuaibisha mbele ya watu, nawe ulisema kweli. Naona haya hata kusimama hapa. Nisamehe."

Nchimbi akaweka jembe chini. "Nichukue spana, mzee?"

"Spana baadaye. Kesho kuna kikao. Njoo unibishie."

Funzo: Mwili ukizeeka hubaki na wachache bila kupenda. Wewe usiwafukuze wenzako kwa kupenda.