Mita Mia Tatu za Kwenye Boksi

Mwoneni mama mmoja, ndugu zangu, anatoka dukani kakumbatia boksi utadhani kabeba mahari. Ndani mna kamera ya kumwangalia mtoto na kioo chake cha kushika mkononi. Waya hakuna. Nje imeandikwa: INASHIKA HADI MITA MIA TATU.

Siku hiyo jirani ana harusi, kina mama wameitwa kumenya vitunguu. Nyumba ya tano tu! Akamlaza mwanawe wa mwaka na nusu, akamwashia feni ya mezani, akafunga mlango wa mbele kwa kufuli. Ule wa uani akaurudishia tu.

"Mtoto umemwacha na nani, bibie?"

"Na mita mia tatu!" Akainua kioo. Mtoto kalala, kidole mdomoni. Wenzake wakapiga vigelegele. Beseni la kwanza likaisha, la pili likaisha, na kila akitazama, kidole mdomoni. Leo malaika wangu katulia, akawaza.

Bibi mmoja akasogeza miwani. "We mwanangu, hiyo feni nyuma yake umeizima?"

"Inazunguka, bibi."

"Mbona mimi nayahesabu mapanga yake? Moja, mbili, tatu."

Kumbe picha imeganda! Kisu kikamdondoka mkononi. Akakimbia, kanga moja ikabaki kwenye maganda. Akapita ukuta wa matofali, geti la chuma, ukuta mwingine tena. Kumbe kuta zilikuwepo siku zote! Aliyeandika mita zile alipimia uwanjani, jamani, pasipo hata banda la kuku.

Nyumba mbili kabla ya kwake, kioo kikashtuka. Feni ikazunguka. Kitanda kitupu.

"Mwanangu!"

Alimkuta uani, kapanda ndoo iliyopinduliwa, tumbo juu ya ukingo wa pipa la maji, miguu yote miwili hewani. Akaudaka mguu mmoja.

Mnashusha pumzi? Msishushe. Sisi je? Mumeo unayemsifu hapa ni wa leo, au ni yule wa siku ya harusi? Binti yako "mtulivu", mara ya mwisho ulimtazama lini usoni? Na roho zetu! Tunaoneshana picha ya siku tuliyobatizwa, maji yangali yakitudondoka, tunasema, tazameni, zimelala salama.

Angalieni feni, ndugu zangu. Mkiweza kuyahesabu mapanga, msiningoje nimalize. Kimbieni.