Sheikh Numayri na Neno Ashiki

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasiti aliishi mwalimu wa lugha aliyeitwa Sheikh Numayri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri watu walijaa msikitini kumsikiliza, na hawakuchoka kumwomba awaeleze neno moja: ashiki.

"Wanalugha wamelirejesha kwenye neno ashaka," alikuwa akisema, "nao ni mmea utambaao. Hujizungusha kwenye mti, ukaunyonya hata mti ukakauka. Ndivyo alivyo ampendaye Mola wake kwa ashiki ya kweli: hukauka."

Hapo watu hulia. Naye Sheikh, akiyaona machozi yao, hurudi nyumbani ameridhika.

Siku moja alimkuta mwanamke mlangoni pake. Alikuwa Rababu, mke wa Jundubu msuka mikeka.

"Sheikh wangu, leo siku ya tisa mume wangu hali chakula. Maji anaonja kwa kubembelezwa. Nikimwambia ni haramu mtu kujiua, ananijibu kwamba Sheikh amesema mpenzi hukauka." Akaongeza, "Nimekuja kukuuliza, wewe ulipokauka ulifanyaje hata ukapona? Nikamwambie naye afanye hivyo."

Sheikh aliitazama mikono yake. Mchana ule alikuwa amekula nyama ya mwana-kondoo, na harufu ya samli ilikuwa bado vidoleni mwake.

Wakafuatana. Njia haikuwa ndefu, lakini Sheikh alikwenda polepole. Alivuta uradi, akapotea katikati, akaanza upya. Nikisema kweli, aliwaza, nani atakaa tena mbele yangu? Kisha likamjia wazo jingine: je, nikimkuta amekwisha kufa? Akaharakisha hata kilemba kikamlegea.

Jundubu alikuwa amelala juu ya mkeka ambao hakuwahi kuumaliza, midomo imempasuka. Alipomwona mwalimu wake alijaribu kuketi, asiweze.

"Sheikh, nimekaribia?"

Swali lile lilimkata maini.

"Mwanangu, sijui," alisema. "Neno lile nililisoma kitabuni tu. Sijapata kukosa hata mlo mmoja kwa ajili yake. Nilipenda kuona watu wakilia, basi. Wala Mola wako hakukuamrisha ufe."

 Rababu alisimama kando, bakuli la maziwa mikononi.

"Na darasani utasema hivyo?" Jundubu aliuliza.

Sheikh akajibu, "Nitasema."

"Basi nipeni maziwa."

Alhamisi ilipowadia, Sheikh alikwenda msikitini. Akaketi mahali pake, akasema yote mbele ya watu. Baadhi waliguna. Wengi wakainuka, wakachukua viatu vyao wakaenda zao. Wakabaki wachache, na miongoni mwao Jundubu, ameegemea nguzo.

Mzee mmoja akauliza, "Basi ashiki ni nini, Sheikh?"

"Niombeeni," alijibu, "nami nijaaliwe kuijua."

Akainamisha kichwa akalia, na waliokuwapo walisema hawakuwahi kabla ya hapo kuyaona machozi yake.

Ndugu zangu, ulimi ni mwepesi kufika mahali ambapo moyo bado haujafika. Tumwombe Mola atulinde tusiwaite watu kwenye njia tusiyoikanyaga, na tukiteleza, atupe ujasiri wa kukiri kabla hajaangamia mja wake kwa maneno yetu. Amina.