Mwiba Juu ya Mlango wa Ghala

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sogeeni, wanangu, moto bado unawaka. Zamani hizo, nungunungu alipompa mtu kitu, alichomeka mwiba wake juu ya kitu hicho. Mwiba upo, ni zawadi. Mwiba haupo, umejichukulia.

Basi Bibi Nungunungu, aliyekuwa amepofuka, akafa. Aliacha asali, karanga na mtama, vigawanywe nusu kwa nusu: nusu ya Nguchiro, aliyemuuguza, na nusu ya Kijino, mjukuu wake yatima. Wasii wake, yaani waliokabidhiwa kugawa, walikuwa Kanga na Kakakuona. Kakakuona hakupenda ugomvi. Sauti ikipanda tu, anajikunja kama mpira.

Kanga akaenda kwenye mtungi wa asali. Akauona umebaki nusu.

"Mtungi, mtungi, nani kakupunguza?"

"Nilijaa, nikapungua, na Bibi hakuona."

Nguchiro akadakia, "Alinipa mwenyewe, shangazi!"

"Na mwiba?"

"Ulidondoka njiani."

Kanga akaenda kwenye kapu la karanga. Nalo limebaki nusu.

"Kapu, kapu, nani kakupunguza?"

"Nilijaa, nikapungua, na Bibi hakuona."

"Alinipa mwenyewe, shangazi!"

"Na mwiba?"

"Ulipeperushwa na upepo."

"Mwongo huyo!"

Subiri, Mwanaidi. Hata Kanga lilimfika mdomoni neno hilo, akalimeza. Kumwita muuguzi mwizi si jambo dogo. Lakini kiangazi kilikuwa kinabisha hodi, na Kijino hakuwa na mwingine wa kumlisha. Akikosea huku, anamvunjia mtu heshima. Akikosea kule, mtoto anakufa njaa. Usingizi ukampaa.

Asubuhi wakaenda kwenye ghala la mtama. Nalo limebaki nusu! Lakini juu ya mlango, mwiba umesimama, mrefu, mweusi kwa mweupe.

"Haya, shangazi! Huo si mwiba? Mtama huu alinipa juzi tu, baada ya mavuno. Mlinidhania mwizi, eti!"

Kanga akashusha pumzi. Akafurahi, maana hakutaka kumwona mtu ni mbaya.

Ndipo Kakakuona akajikunjua, taratibu.

"Juzi, mwanangu?"

"Juzi, mjomba."

"Tangu masika, Bibi hakuwa na mwiba hata mmoja. Ugonjwa uliipukutisha yote. Nilikuwa nakuja kumkanda mgongo, laini kama wa kitoto kichanga. Huo umeuokota uani."

Nguchiro akaduwaa. Hakujua! Kanga akamtazama sana.

"Wewe ndiye uliyemuuguza," akasema polepole. "Ungemgeuza kitandani hata mara moja, ungejua."



"Wakampiga?"

Hawakumpiga, Mwanaidi. Kanga alisema, "Fungu lako umeshalichukua, Bibi angali hai. Lililobaki ni la Kijino."

"Nami kiangazi hiki nitakula nini, shangazi?"

"Mchotee Kijino maji. Jioni atakupakulia."

Nguchiro akauinua mtungi wa maji, akashika njia ya mtoni. Kijino akapiga kelele nyuma yake, "Usiyamwage, kaka!"

Basi, wanangu, anayemtunza asiyeona aangalie mikono yake mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kuiangalia. Na anayegawa asiharakishe kuhukumu, wala asiogope kusema. Ngano yangu imefika mwisho, nami naiacha ipumzike.